Tafakari ya Juma: Juu ya Ungo wa Maharage

Zaburi 1:2, Danieli 6:10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mama yangu alikuwa na tabia ya kunong'ona akichambua maharage. Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, kidole kinasukuma mazuri upande huu, vijiwe na yaliyobunguliwa upande ule, na midomo inacheza. Sisi watoto tulidhani anatulalamikia chinichini. Siku moja nikasogea nisikie nani kakosa leo, nikasikia: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Na milima ya Upare ile pale mbele yake. Akifika mwisho wa mstari, anaanza tena.

Nilikuja kumwelewa ukubwani, tena kwa kupitia Kiebrania. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Kitenzi kilichotumika pale, hagah, si kukaa kimya na kuwaza tu. Ndicho hichohicho Isaya anachokitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4) na kwa hua anayelia (38:14). Ni jambo la koo na midomo. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake, wakati wengi wetu tungetarajia asikie "moyoni" au "kichwani". Simba hamezi swala mzima. Analalia nyama yake, anang'ata, ananguruma, anarudi palepale.

Mimi nilitaka kumeza swala mzima. Mwaka fulani nilitoka kwenye mkesha wa mwaka mpya nimeweka nadhiri ya saa nzima ya maombi kila alfajiri. Siku tatu za mwanzo nilikuwa moto. Siku ya tisa mke wangu alinikuta nimelala fofofo mkekani, mistari ya ukindu imejichora shavuni. Nikaacha kabisa. Na nilipoiacha ile saa moja sikubaki hata na dakika tano, kwa aibu tu.

Tunapenda kumhubiri Danieli wa tundu la simba. Siku hizi mimi naupenda zaidi mstari wa 10, kabla simba hawajatajwa kumkaribia. Amri ya Dario imeshatiwa sahihi: siku 30, hakuna kumwomba yeyote ila mfalme. Danieli anaingia nyumbani kwake na kupiga magoti mara tatu kila siku, "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Hatusomi kwamba aliongeza kitu. Maadui zake walimjua, ndiyo maana mtego wao haukuwa na kazi kubwa. (Adui akitaka kukutegea wewe kwa saa zako za sala, atakupata? Mimi kwa miaka mingi nisingepatikana.)

Sasa nafanya kidogo. Mstari mmoja kwa juma, si kwa siku. Nimeuandika kwenye kipande cha boksi, nikakibandika ukutani juu ya jiko la gesi. Maji ya chai yakiwa motoni nausema kwa sauti, narudia, mpaka yachemke. Basi. Simu inabaki chumbani, maana nikija nayo jikoni maji yanakauka nami bado naangalia magoli ya jana.

Na nikikosa siku, silipi deni. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ndipo wengi tunapoangukia: umekosa siku mbili, ya tatu unataka kufidia zote, na hiyo ya tatu ndiyo inayokushinda moja kwa moja. Mana ya jangwani ilikuwa ya siku kwa siku. Waliojaribu kuilaza mpaka asubuhi walikuta mabuu na harufu (Kutoka 16:20).

Mstari wangu wa juma lililopita ulikuwa Maombolezo 3:23, "Ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu." Jumatano gesi iliisha. Ijumaa na Jumamosi nilichelewa kuamka, nikatoka bila chai. Siku nne kati ya saba, basi. Kipande cha boksi sijakibandua. Kesho nauanza uleule.