Nilivyogundua data zangu zimepikwa, na nilichofanya

Mpitiaji wa pili wa makala yetu kuhusu presha ya damu wilayani, yaani mtaalamu anayeikagua kwa niaba ya jarida kabla haijachapishwa, aliuliza swali dogo tu: vile vipimo vitatu vya presha mlivyochukua kwa kila mtu vilitofautiana vipi kati ya mdodosaji mmoja na mwingine? Nikaona ni kazi ya nusu saa. Nikajiwekea chai mezani, nikafungua faili. Chai ile niliimwaga asubuhi.

Wadodosaji walikuwa watano. Wanne namba zao zilikuwa na fujo, kama presha za watu zilivyo: 131, halafu 138, halafu 127. Wa tano nitamwita Kijana, jina lake libaki kwake. Alijaza madodoso 124. Yale 40 ya mwanzo yalifanana na ya wenzake. Kuanzia la 41, presha za watu zikaanza kushuka kwa ngazi: 138, 136, 134. Ukurasa unaofuata: 128, 126, 124. Ni kweli mtu akikaa akatulia, kipimo cha pili mara nyingi huwa chini kidogo ya cha kwanza. Tuliwafundisha hivyo siku ya mafunzo. Inaelekea Kijana alisikiliza vizuri mno.

Nikahamia kwenye tarakimu ya mwisho. Ukipima kwa mashine ya zebaki, namba huishia kwenye shufwa, maana kipimo chenyewe kimechorwa mbilimbili, na wengi wetu huzungusha hadi sifuri. Mashine ya betri, kama zetu, haina mapenzi hayo. Moja, saba na tisa hutokea kama sifuri inavyotokea, kila tarakimu karibu mara moja katika kumi. Kuanzia dodoso la 41 Kijana alikuwa na vipimo 252 vya namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, na vilivyoishia kwenye witiri havikufika ishirini. Sifuri nazo alizikwepa, kama mtu anayejua kwamba zikizidi zitamchongea.

Kukamata data za kupikwa kwa kutazama namba zenyewe sikuanza mimi. Mwaka 2012 daktari wa usingizi wa Uingereza, John Carlisle, alichambua majaribio 168 ya mwenzake wa Japani, Yoshitaka Fujii, akaonyesha kwamba namba zile zilipangika kwa namna ambayo wagonjwa wa kweli hawapangiki. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa usingizi cha Japani kilitoa ripoti yake: makala 172 zilikuwa na data za kubuni, na 126 kati ya hizo zilibuniwa mwanzo mwisho. Tulipofundishwa habari hiyo darasani tulicheka. Makala 172, mtu mmoja! Usiku ule niliielewa upya. Anayepika makala mia na anayepika madodoso 84 wana tatizo lilelile, hawawezi kutengeneza fujo ya kutosha.

Asubuhi nilikwenda kabatini. Kila mdodosaji alikuwa na mashine yake, na kila mashine huhifadhi vipimo 60 vya mwisho pamoja na tarehe. Nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu kwenye ya Kijana. Kipimo cha mwisho kabisa kilikuwa cha siku ya nane. Kazi ilikuwa ya siku 24.

Nikampigia.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mashine yako iliharibika siku ya nane?"

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. "Haikuharibika, Dokta. Mto ulijaa."

Akanieleza. Vijiji vyake vilikuwa ng'ambo. Mvua ziliponyesha, mwenye mtumbwi alipandisha nauli, kwenda na kurudi ikawa shilingi 6,000, na kuna siku alikataa kabisa kuvuka. Sisi tulikuwa tunalipa 5,000 kwa kila dodoso lililojaa, nauli juu yako. Kwa hiyo alikaa upande wa huku, kwenye kibanda cha chipsi, na daftari la wakazi aliloazima kwa mwenyekiti wa kitongoji. Majina ya kweli, umri wa kweli, presha za kwake.

Sisemi hana kosa. Alikuwa na namba yangu ya simu, na hali ya mto haikuwa siri. Lakini bajeti ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikajisifu kwamba nimebana matumizi. Nililipia madodoso, nikapata madodoso. Kama ningelipia siku za kazi na mtumbwi, huenda angenipigia kuniambia kwamba leo hakuna aliyepimwa.

Profesa, ambaye jina lake ndilo lililofunga orodha ya waandishi, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Binti, hilo mbona dogo? Toa hizo 84, rudia uchambuzi, mjibu mpitiaji. Nani atajua?"

Ushauri huo una sura ya busara, na ndiyo maana nauandika. Kuondoa data mbovu si dhambi, ukisema kwamba umeondoa na kwa nini. Ila hizi 84 hazikuwa zimetawanyika ovyo. Zote zilikuwa za watu wa ng'ambo, walio mbali kuliko wote na kituo cha afya. Ukiwafuta kimyakimya, unabaki na utafiti wa watu waishio karibu na barabara huku ukiuita utafiti wa wilaya nzima. Halafu kulikuwa na jambo baya zaidi. Tokeo letu kuu, lile tulilolitanguliza hadi kwenye kichwa cha makala, lilikuwa kwamba watu wa ng'ambo wana presha ya chini kuliko wa upande wa huku. Tulikuwa tumeandika aya mbili nzuri kabisa kuhusu samaki wabichi na kutembea kwa miguu. Nilipoziondoa zile 84, tofauti ikayeyuka. Kijana aliamini kwamba watu wa shamba wana afya njema, akawaandikia afya njema. Kichwa cha makala yetu kilitoka kichwani mwake.

Sikubishana na Profesa siku ile. Nilirudi baada ya siku mbili na vitu viwili. Cha kwanza, masharti manne ya uandishi ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Wengi wetu tunayajua yale ya mwanzo, kuchangia kazi na kuandika. La nne linasema kwamba ukiweka jina lako, unakubali kuwajibika kwa kila sehemu ya kazi, pamoja na kuhakikisha kwamba maswali kuhusu usahihi wake yanachunguzwa. Cha pili, kisa cha Surgisphere, kampuni ya data za hospitali. Mei 22, 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa korona zaidi ya 96,000 kuhusu dawa ya hydroxychloroquine, ukidai data za hospitali 671 za mabara sita. Wasomaji walishtuka, pamoja na mengine, kwa namba zilizodaiwa kutoka Afrika, kana kwamba hospitali zetu hizi zina kumbukumbu za kielektroniki za kina kiasi hicho. Juni 4 makala ikafutwa, kwa ombi la waandishi watatu kati ya wanne. Data zilikuwa mikononi mwa huyo wa nne na kampuni yake, nao watatu hawakuweza kuzithibitisha.

Profesa alisoma, akavua miwani. "Andika barua. Nione kabla hujatuma." Niliandika kurasa mbili, akakata zikawa nusu ukurasa, na alikata vizuri. Alifuta kila mahali nilipojitetea.

Barua zilikuwa tatu. Ya mhariri, kuomba kuiondoa makala kabla haijafika mbali. Ya kamati ya maadili ya chuo. Na ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa kuwa cheti cha kibali cha utafiti nchini kwetu kinadai taarifa ya maendeleo kila miezi sita, na hata matokeo huwezi kuyachapisha bila ruhusa yao. Kutuma taarifa ya maendeleo huku nikijua ninachokijua kungekuwa kupika kwa pili. Mhariri alijibu kwa mistari minne na kutushukuru. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Wiki hiyohiyo barua pepe ya jarida nisilolijua iliniita "Profesa Mtukufu" na kuniahidi kuchapishwa ndani ya siku tano kwa dola mia na kitu. Mwenzangu mmoja wa ofisini akanishauri nipeleke huko, pointi za kupanda cheo ni pointi. Sikumjibu, lakini nakiri nilirudi kuisoma mara mbili.

Kiangazi tulivuka mto, safari hii kwa malipo ya siku na mtumbwi ndani ya bajeti. Nilikwenda mwenyewe. Kati ya watu 84 tuliwapata 71. Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja anayesuka ukili barazani. Dodoso lake la zamani lilisema 126 kwa 80. Mashine ikasoma 204 kwa 116. Nikampumzisha dakika tano, nikarudia. Haikushuka kwa ngazi.

Utaratibu wetu uliopitishwa na kamati unasema anayefika 180 kwa 110 apewe barua ya rufaa na apelekwe kituo cha afya siku ileile. Kwa yule bibi, siku ileile ilikuwa imepita miezi saba nyuma. Nilimwonyesha fomu ya ridhaa yenye jina lake na alama ya dole gumba.

"Hili si dole langu, mwanangu," akasema, akaniinulia lake lililopasuka kwa ukili.

Nilivuka naye jioni ile. Alianzishiwa dawa.

Makala ilitoka baada ya mwaka na zaidi, katika jarida dogo zaidi, bila samaki wabichi. Ndani ya mbinu kuna sentensi tatu zinazoeleza madodoso 84 ya kubuni na jinsi tulivyopima upya. Siku hizi kila Ijumaa nakusanya kumbukumbu za mashine na kuhesabu tarakimu za mwisho, na katika kila kaya kumi napigia moja. Wadodosaji wanaambiwa hayo siku ya mafunzo.

Mwezi uliopita Kijana alinitumia ujumbe. Ameona kazi katika mradi wa malaria, anaomba barua ya kumtambulisha. "Zile siku nane, Dokta, nilifanya kweli." Ni kweli alifanya, mashine inasema hivyo. Nimeianza barua hiyo mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kwenye tarehe.