Nilivyotoboa ampu yangu eko isiwe uji

Ampu yangu, kikuza sauti cha gitaa, ni ya transista, wati 30. Niliinunua mtumba Kariakoo nikaja nayo Mtwara kwa basi, nimeipakata njia nzima kama mtoto wa mtu. Ina chaneli mbili, ya sauti safi na ya kukoroma. Kwenye dansi haikunisumbua hata siku moja, maana solo la dansi halitaki mkoromo: gitaa linaingia kwenye mashine ya efekti, mashine inaingia kwenye ampu, unatia eko, yaani mwangwi, kidogo, maharusi wanacheza.

Tatizo lilianza vijana wa kwaya waliponiita niwapigie nyimbo za sifa zenye disto, yaani huo mkoromo. Nikiwasha chaneli ya pili, eko yote inakuwa uji. Noti haijaisha, mwangwi wake nao unakoroma, unaofuata unakoroma juu ya huo, mpaka mpiga kinanda akawa ananitazama kwa jicho la huruma.

Miezi miwili niliilaumu mashine. Kumbe kosa lilikuwa mpangilio. Ndani ya ampu mna sehemu mbili: ya mbele inaikuza sauti ndogo ya gitaa, na mkoromo unazaliwa humo, ya nyuma ina nguvu ya kusukuma spika. Efekti yangu ilikaa mbele ya zote mbili, kwa hiyo mkoromo ulikuja baada ya eko ukautafuna na mwangwi wenyewe. Ni sawa na kumuunga samaki nazi kwanza, halafu ndiyo umkaange. Ampu nyingi za bei kubwa zina matundu mawili nyuma, la kutolea sauti na la kuirudishia, ili efekti ikae katikati. Yangu haikuwa nayo.

Nikaamua kuyatoboa mwenyewe, nikaibeba hadi kwa fundi redio mmoja kule Chikongola, hapa hapa Mtwara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa. Nataka kulitoboa."

Akavua miwani. "Linalia, halafu ulitoboe? Haya, kaa hapo. Mkono wako, chombo chako, lawama zako."

Aliniazima mita na chuma cha kuchomelea kwa sharti moja, nisiguse kitu kabla ya kupima kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme. Nilikuwa nimechomoa plagi, lakini mita ilisoma volti 34. Tukazimaliza umeme kwa rezista, kijipande kinachobana umeme, sindano ikalala sifuri. Ampu za vali, zile za taa za kioo badala ya transista, zinahifadhi volti 300 na zaidi, na hizo mimi sizigusi.

Sehemu ya kukata njia ya sauti, ili itoke kwenda kwenye efekti na kurudi, nilichagua kabla tu ya kitasa cha sauti kuu. Ningekata baada yake, kila nikipunguza sauti ukumbini, efekti nayo ingepokea kidogo. Njia ya shaba kwenye bodi niliikata kwa wembe, upana wa ukucha. Jeki ya kurudishia, yaani tundu la kuchomekea waya, niliichagua yenye swichi ndani, ili kusipochomekwa kitu sauti ipite moja kwa moja kama zamani, na ukichomeka waya swichi iachane.

Nikawasha. Ngurumo! Nilikuwa nimetumia waya wa kawaida, tena nimeupitisha ubavuni mwa transfoma. Nikautoa, nikaweka waya wa maikrofoni wenye wavu, wavu nikaufunga ethi, yaani kwenye sifuri ya umeme wa ampu, upande mmoja tu, na njia yake nikaizungusha mbali na transfoma. Ngurumo ikabaki ile ndogo ambayo ampu ilikuja nayo kutoka Kariakoo.

Sasa eko ilikuwa mahali pake, ila mashine ikawa inapasua sauti, mpasuko mbaya wa redio iliyoishiwa betri. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Unajua unailisha kiasi gani?" Sikujua. Nikacheza mlio wa hezi 100 kutoka kwenye simu, nikaushusha hadi milivolti 100 hivi, karibu na nguvu ya gitaa, nikauingiza kwenye ampu. Hezi 100 kwa sababu mita za bei poa husoma vizuri karibu na mtetemo wa umeme wa nyumbani. Ukipanda sana zinadanganya. Pale nilipokata, mita ikasoma volti 2.8. Mashine yangu inatumia volti 9 na imetengenezwa kupokea gitaa. Nilikuwa namnywesha mtoto kwa ndoo.

Dawa yake ni rezista mbili, za bei ya pipi. Ya kiloomu 10 niliiweka njiani kuelekea jeki ya kutolea, na ya kiloomu 4.7 kutoka kwenye jeki hiyo kwenda ethi. Sauti inayotoka inabaki theluthi moja. Kabla ya hapo nilijaribu 100 na 10, ikawa ndogo mno. Kuirudisha juu kukaleta mvumo. Kwa theluthi, kitasa cha kutolea cha mashine kinatosha kuirudisha ilipokuwa. Njia ya swichi sikuiwekea rezista, kwa hiyo bila efekti ampu inalia vilevile.

Jumapili ile mwangwi ulisikika mmojammoja, kila mmoja na mkoromo wake. Mpiga kinanda hakusema kitu, na kwa anavyojulikana, hiyo ni sifa.

Jambo ambalo sikulifikiria ni bahari. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa kwenye harusi Mikindani, mashine nimeiacha nyumbani, na katikati ya wimbo ampu ikanyamaza. Nikaigonga, ikakohoa, ikanyamaza tena. Nikakumbuka ile swichi: kusipochomekwa kitu, sauti yote inapita kwenye kijibati chembamba, na hewa ya chumvi huku haimwachi mtu. Nikachukua waya mfupi, nikaunganisha tundu la kutolea na la kurudishia. Sauti ikarudi, ndogo kwa sababu ya zile rezista, nikaongeza kitasa kikuu, tukamaliza.

Kesho yake nilifungua, kijibati kimeota ukijani. Nilikisugua kwa spiriti na kipande cha karatasi ngumu, na sasa nafanya hivyo kila nikibadilisha nyuzi. Ule waya mfupi hautoki kwenye mfuko wa gitaa.