VirtualBox kwa Windows, Ubuntu na Mac

Jamani, leo nimeshinda Kisauni kwa binamu zangu. Kila mmoja na laptopu yake, wote wataka mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) za masomo ya chuo, na joto hili la Mombasa feni zinalia tu.

Windows haikuwa na maneno: pakua VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine hizo, bonyeza mbele, mbele, maliza. Mashine pepe ikakataa kuwaka, yadai VT-x (uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe) imezimwa. Hiyo huwashwa kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Wenye prosesa za AMD wataikuta kwa jina la AMD-V au SVM.

Ubuntu ndiko kwenye kazi. Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) ikiwa imewashwa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haizipokei moduli (vipande vya programu) za VirtualBox mpaka zisainiwe. Wakati wa kusakinisha utaambiwa utunge nywila. Ukiwasha upya kompyuta, inatokea skrini ya buluu: chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini hiyo), uandike nywila ile ile. Wengi huipita mbio skrini hiyo (sijui wana haraka ya kwenda wapi!) kisha walalamika programu ni mbovu. Halafu jiongeze kwenye kundi la vboxusers, la sivyo flashi ya USB hutaiona ndani ya mashine.

Mac ya M1 tumeiwekea UTM (programu nyingine ya mashine pepe) na Ubuntu ya ARM, aina ya prosesa ya M1, yaenda kasi ajabu. Usihangaike na ile ya x86 (ya prosesa za Intel na AMD) humo, itakokota.

RAM ikiwa gigabaiti 8, mashine pepe ipe 4, isizidi. Mgeni hapewi nyumba nzima. Anayekwama aniandikie hapa, ila mwenye gigabaiti 2 naomba anisamehe.