Vito na Picha Kanisani, Bila Msumari Hata Mmoja

Nilipoandaa maonyesho ya kuuza kazi zetu za sanaa ndani ya kanisa la zamani hapa Nairobi, kila aliyenishauri alitaka nilifiche kanisa lenyewe. Mmoja alisema nikodishe mbao nyeupe nizungushe kuta zote, ndiyo pafanane na galari ya sanaa. Mwingine, mtaalamu wa hafla kwa maneno yake mwenyewe, alitaka madirisha yafunikwe kwa kitambaa cheusi ili taa zake zionekane. Jamani, kama ningetaka sanduku jeusi au jeupe si ningekodi stoo Industrial Area?

Mimi natengeneza mapambo: pete, bangili na mikufu ya shaba ya njano ninayoisubu kutoka kwa koki za maji na kufuli kuukuu, pamoja na mifupa na pembe za ng'ombe kutoka vichinjioni. Wenzangu ni wachoraji, mfumaji mmoja, na sonara anayefanya kazi ya fedha. Tulitaka kazi zetu zikae mahali ambapo watu wamelia, wameoana na wamesinzia wakati wa mahubiri tangu enzi za mkoloni. Kanisa lenyewe silitaji, maana wazee wake bado wananisalimia vizuri na ningependa iendelee hivyo. Si All Saints, lile kanisa kuu la Kianglikana la Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917. Letu ni dogo, la mawe ya kijivu, lina vioo vya rangi na benchi nzito za mbao ambazo hata vijana wa kwaya huziogopa.

Barua ya kuwaomba wazee nafasi niliandika, picha za kazi nikaambatisha, nikangoja. Nilipoitwa, mzee mmoja alikuwa ameshafungua Mathayo 21 kabla sijaketi.

"Kijana, Bwana alipindua meza za wabadilisha fedha. Wewe waja kuzisimamisha tena?"

Nikajaribu historia. Nikamwambia, "Mzee, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa pale mjini, ile iliyojengwa 1913, leo ni Nairobi Gallery, na mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, yule makamu wa rais wa zamani, uko humo."

"Pale," akajibu bila kuinua macho, "watu walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Hapa tunaabudu."

Kikao kizima kikacheka, nami nikacheka. Kisha nikatoa karata yangu: ndani ya kanisa hakutakuwa na bei. Kila kitu kitakuwa na namba tu. Aliyependa kitu atashika namba, atoke nje, avuke uwanja mpaka ukumbi wa parokia, na huko ndiko kutakuwa na orodha ya bei, meza na M-Pesa. Mzee akafunga Biblia polepole. "Basi meza iko nje. Hiyo naweza kuwaeleza waumini."

Wenzangu walinung'unika kwamba mnunuzi atapoa njiani. Hakupoa. Kwenye galari mtu huona bei kwanza, ndipo aamue kama kitu ni kizuri. Huku aliangalia bangili mpaka akachoka, akaipenda bure, na alipofika ukumbini kujua bei alikuwa ameshaivaa akilini. Na ukumbini kulikuwa na chai. Hilo la chai lilizua vita vingine, maana mfadhili mmoja alikuwa ameahidi mvinyo wa ufunguzi, na aliposikia wazee wamekataa akajitoa. Aende salama. Chai ya maziwa yenye tangawizi na mandazi ya moto viligharimu elfu chache tu, na watu wa galari waliokuja wamekunja midomo walirudi kwa kikombe cha pili.

Sasa kuta. Jengo la zamani halitobolewi ovyo, na likiwa limetangazwa rasmi kuwa urithi chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 halibadilishwi bila idhini. Yule mtaalamu wa hafla akaapa kwamba gundi yake ya utepe, ile ya kunata pande mbili, "inashika hata lori". Nilimruhusu kwa sharti moja: tujaribu na fremu tupu kwanza. Akapanda ngazi, akapima kwa kamba, akabandika fremu mstari mmoja safi, akapiga picha za kuringa. Jiwe la zamani hutoa vumbi laini kila siku, unaliona ukipitisha kidole, na gundi hushika vumbi, haishiki jiwe. Saa nane za usiku fremu ya kwanza ikaanguka. Soja akakaa kimya, akisikiliza. Ya pili ikaanguka. Ilipoanguka ya tatu, mwangwi wa dari ukaigeuza kundi zima la wezi. Soja akapuliza filimbi, majirani wakatoka na rungu, na kasisi akafika na koti juu ya pajama akiwa ameshika tochi na, naambiwa, mwavuli. Walipofungua mlango wakakuta fremu tupu zimelala kifudifudi. Taa za mtaalamu huyohuyo ndizo zilizokata umeme kwaya ikifanya mazoezi, lakini hapo alikuwa ameshaanza kuzikunja mwenyewe.

Tulichofanya baadaye ni kufunga nailoni ya kuvulia samaki kutoka nguzo hadi nguzo, chini yake tumekunja vipande vya blanketi ili isikwaruze jiwe. Picha zikaning'inia kana kwamba hazijashikwa na chochote. Rahisi kama chumvi.

Lakini ninachojivunia hasa ni benchi. Nyuma ya kila benchi kuna kijirafu cha kuwekea vitabu vya nyimbo. Niliambiwa nikodishe makabati ya kioo, na bei niliyotajiwa ingeezeka nyumba. Nikapima kile kijirafu: kinatosha pete, hereni, hata mkufu ukiukunja. Nikatandika mahameli nyeusi, nikakatiwa vifuniko vya plastiki angavu kule Kariobangi, tukavibana kwa vibanio vyenye kitambaa ndani. Basi mtu akitaka kuona pete lazima aketi, ainame, na akitaka kuona inayofuata asogee, "samahani, samahani," kama aliyechelewa ibada. Watu wawili wasiojuana walianza kubishana kwa kunong'ona kuhusu hereni za pembe, na ibilisi wa biashara ndani yangu akafurahi.

Ulinzi ulikuwa akina mama wa Umoja wa Akina Mama, mmoja kila mwisho wa safu. Kampuni ya walinzi haifui dafu. Kijana mmoja alipogusa kibanio, mama hakupiga kelele, alisema tu, "Mwanangu, mama yako anaitwa nani?" Kijana akaketi na kukunja mikono.

La jua nalo lazima niliseme, kwa sababu ushauri wa kigeni unapotosha. Video niliyotumiwa, ya mtaalamu wa Uingereza, ilisema vitu vya kung'aa viwekwe upande wa kaskazini kwa kuwa jua halifiki huko. Labda London. Nairobi iko kusini ya ikweta kidogo tu, na Julai jua la mchana hupita kaskazini. Asubuhi kulikuwa na mawingu yetu ya baridi, kila kitu shwari. Mchana mawingu yakafunguka, na joho jekundu la mtakatifu wa dirishani likamwagika juu ya pete za fedha. Fedha ikawa rangi ya sharubati. Sonara alikaribia kulia, maana mnunuzi wa fedha anataka kuona fedha. Tukabadilishana naye: yeye akaenda kusini, mimi nikahamishia kaskazini kazi zangu za mfupa. Mfupa mweupe uliosuguliwa hupokea rangi hiyo vizuri ajabu; mkufu mmoja ulikuwa wa samawati shingoni na zambarau kwenye ncha, na kila baada ya muda rangi zilihama punje moja. Watu walianza kuuliza jua linafika saa ngapi.

Kabla sijasahau: fedha usiifunge kwa mpira wa pesa, mpira una salfa na huisababishia weusi. Shaba ya njano isugue kwa limau na majivu, halafu ioshe na uikaushe kabisa.

Jumamosi kulikuwa na harusi, iliyopangwa kabla yetu, kwa hiyo tulifunga maonyesho, tukafunika vijirafu kwa kitenge na kwenda kukaa ukumbini kuhesabu hasara. Kumbe shangazi wa bibi harusi aliinua kitenge wakati wa mahubiri. Akamwonyesha dada yake. Wakati maharusi wanapigwa picha nje, mlango wa ukumbi ulijaa wanawake wenye kofia wakitaja namba: kumi na nne, thelathini, ile ya kijani iliyo nyuma ya mjomba. Siku hiyo tuliyofunga ndiyo tuliyouza kuliko zote. Fungu la kanisa limekwenda kwenye paa, upande unaovuja juu ya kinanda. Mafundi wanasema haliwatoshi, na wazee wameniuliza Desemba nina nafasi gani.