Uzoefu wangu: miaka yangu ya upota wa usiku Knightsbridge na zile gari za kelele

Kwanza niseme mie si mtu wa magari, gari niliyoizoea maisha yangu yote ni daladala ya Fuoni kwetu Unguja, na hiyo nayo nilikuwa naijua kwa kugombania siti tu. Ila kwa sababu ya kazi nilijikuta najua egzosi, yale mabomba ya moshi, za gari za Kitaliano kuliko mafundi wengine wa Darajani, na kuna jamaa wananiuliza kila siku ilikuwaje, basi leo naandika niwamalizie.

Nilikuwa pota wa usiku kwenye jengo moja la flati London, eneo la Knightsbridge, mitaa ya nyuma ya lile duka kubwa la Harrods, jengo lenyewe silitaji maana wenyewe wapo bado na wanalala mule. Pota wa usiku ni mtu wa risepsheni, unaingia saa mbili usiku unatoka saa moja asubuhi, unapokea vifurushi, unafungua mlango, unaita fundi bomba likipasuka, na zaidi ya yote unapokea malalamiko. Natoka zangu East Ham na treni ya District line, nashuka Sloane Square, napanda Sloane Street kwa miguu. Mitaa ile nyumba zake ni za matofali mekundu, ndefu, zimebanana, na barabara katikati ni nyembamba, yaani sauti ikiingia mule haina pa kutokea, inagonga huku inarudi huku. Mtu akikohoa chini wa gorofa ya tano anasikia.

Sasa ngoja ifike Julai. Kule Ghuba joto linapita digrii arubaini na tano, matajiri wanahama na familia nzima, wanahama na mpishi, na vijana wao wanahama na gari. Gari zinapakiwa kwenye ndege! Na sheria ya Uingereza inaruhusu gari ya mgeni kutembea miezi sita ndani ya mwaka bila kusajiliwa kule, kwa hiyo unaona barabara imejaa namba za Kuwait, Qatar, Saudia, Imarati. Gari ina rangi ya chungwa, nyengine imefunikwa karatasi ya dhahabu, 2016 zilikuja kadhaa za dhahabu tupu za mtu mmoja mpaka magazeti yakaandika zilivyochapwa tiketi za paking. Na kazi yao ni kuzunguka. Wanapita Brompton Road mbele ya Harrods, wanakata Sloane Street, wanaingia vichochoro vya nyuma, wanatokea tena Harrods, kama ngamia wa kinu cha mafuta, saa nne, saa sita, saa nane za usiku. Kila wakifika taa nyekundu wanapiga resi, yaani wanangurumisha injini gari imesimama, na wakiachia mafuta egzosi inapasuka pa-pa-pa kama fataki za Idi. Kikombe changu cha chai pale mezani kilikuwa kinatembea chenyewe, siongezi chumvi.

Basi simu ya mezani ndo inaanza. Taa ya flati hii, taa ya flati ile. Kuna mama mmoja gorofa ya pili alikuwa ananiambia kila usiku sentensi ileile, "fanya kitu". Nifanye nini mama? Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natoka nje na koti langu la kazi nawapungia mikono wapunguze. Ulikuwa ujinga mtupu. Wale vijana wakiona mtu anakasirika ndo wanakanyaga zaidi, halafu kando ya barabara wamejaa watoto wa Kizungu na kamera wanaorikodi gari, na wenyewe wanaomba resi kwa ishara ya mkono, kwa hiyo mie na koti langu nikawa sehemu ya onyesho. Nadhani mpaka leo nimo kwenye video za watu.

Na kulikuwa na jengine lililoniuma zaidi ya kelele. Wakazi wengine, si wote, walikuwa wananiambia "watu wenu". Si ungezungumza na watu wenu. Mie jina langu la Kiislamu, nasali pale chumba cha nyuma, basi nishakuwa ndugu wa kila mwenye Lamborghini. Nilikuwa nacheka kwa adabu, kazi naitaka, lakini nikirudi kwenye treni asubuhi nalirudia kichwani hilo neno stesheni kwa stesheni.

Aliyenibadilisha akili ni mzee mmoja wa gorofa ya nne, mwanasheria mstaafu, mkali kidogo lakini mwenye haki. Usiku mmoja kashuka na joho lake la kulalia akaniambia wewe unaandika nini wakipita? Nikamwambia siandiki kitu. Akasema basi huna kitu. Akanieleza kwamba mwishoni mwa 2015 kaunsili, yaani halmashauri, ya Kensington na Chelsea imetoa amri maalum kwa eneo lile, inatokana na sheria ya 2014 ya tabia za kero, na amri yenyewe inataja makosa kwa jina: kupiga resi, kukanyaga mafuta ghafla mara kwa mara, kushindana, kupiga honi na muziki mkubwa, kuziba njia. Faini ya papo hapo pauni 100, ukipelekwa mahakamani inafika 1,000. Mie nikacheka, pauni mia kwa mtu aliyepandisha gari kwenye ndege ni pesa ya juisi. Akasema hapana, sikiliza, dawa si faini, dawa ni polisi, kuna kifungu cha 59 kwenye sheria ya polisi ya 2002, askari akimuonya dereva kwa kuendesha kwa kero halafu akarudia, gari inachukuliwa. Pesa anazo, lakini kijana akinyang'anywa gari mbele ya wenzake wenye kamera, hiyo aibu hailipiki. Ila askari na kaunsili hawaendi kwa "jana kulikuwa na makelele". Wanataka saa, mtaa, namba ya gari, na kitendo.

Kesho yake nikanunua daftari la pauni moja na nusu nikachora mistari. Saa. Mtaa. Namba na nchi. Kafanya nini, na hapa nilijizuia nisiandike hasira, naandika "kapiga resi mara nne akiwa kasimama" au "kapita mara ya sita tangu saa tano". Nikawaambia na wakazi wakipiga simu wanipe hivohivo, la sivyo siandiki. Wengine walinuna.

Hapo ndo chuo cha Qur'ani nilichosomea utotoni kikanilipa. Gari za Saudia namba imeandikwa mara mbili, juu tarakimu za Kiarabu, chini za kawaida, na mtu akiangalia kutoka dirishani usiku mara nyingi anashika ile ya juu. Yule mama wa gorofa ya pili kumbe alikuwa keshatuma malalamiko miaka miwili, na kwenye barua zake zote anaandika gari ina herufi V. Akanionyesha picha aliyopiga. Mama, ile si V, ile ni saba. Na hii V uliyoipindua chini juu ni nane. Na hiki kiduara unachoandika sifuri ni tano, sifuri yao ni nukta. Kimya. Miaka miwili bibi wa watu anawatafutisha watu gari ambayo haipo duniani! Siku ile akaniletea biskuti, na "watu wenu" sikuisikia tena kinywani mwake.

Daftari lilipojaa kurasa kama ishirini nikaona jambo ambalo hakuna mtu aliyelitarajia, hata mie. Gari nyingi zilizokuwa zinatusumbua hazikuwa za Waarabu hata kidogo, zilikuwa na namba za Uingereza. Vijana wa hapohapo London, wengine wamekodi gari ya siku moja, wanne wanachangishana, wanakuja kuzunguka Harrods warikodiwe na wao waonekane wamo. Nilimpelekea yule mzee nikamwambia tafadhali lisome mwenyewe, maana nikisema mie wataona natetea ndugu. Akalisoma kwa miwani yake mpaka mwisho, akasema "hm". Kwa Mwingereza hm ile ni hotuba. Yeye ndo aliyepeleka nakala kaunsili na polisi kwa jina la wakazi wote, na wikiendi zilizofuata tukaanza kuona askari wanasimamisha gari, wanauliza bima, na hapo ndo utamu, maana wengine bima hawana. Gari isiyokuwa na bima inapandishwa kwenye lori la kuvuta iwe ya dhahabu iwe ya bati. Kelele hazikwisha, lakini zilitoka kila usiku zikawa Ijumaa na Jumamosi.

Ikabaki moja. Namba ya njano, ya Oman. Hii ilikuwa haipiti, hii inakaa mtaa wetu wenyewe, flati za kupangisha za ng'ambo ya barabara, kila usiku saa saba inarudi na fataki zake na kila jioni ikiwashwa inanguruma dakika nzima mlangoni. Nyumba zile kulikuwa na bibi mmoja anatembea kidogo kabla ya Isha, buibui lake, na mtumishi wa Kifilipino kamshika mkono. Siku moja nimesimama mlangoni nasikia anamwambia mtumishi, ambaye wala haelewi, "twende pole pole, miguu inaniuma". Kiswahili! Cha Unguja kabisa! Nikasema, "Masalkheri bi mkubwa." Alivyogeuka, wallahi sitosahau uso ule. "Masalkheri mwanangu, we wa wapi?" Kumbe kazaliwa Mkunazini, wameondoka 1964 akiwa msichana, Muscat ndo kwake siku zote hizo lakini Kiswahili kipo kama alivyokiacha, ananiuliza habari za watu waliokufa mie sijazaliwa.

Baada ya hapo kila jioni anasimama tunaongea dakika tano. Jioni moja analalamika hapati usingizi. "Mie Muscat nimekimbia joto, hapa nakimbizwa na gari, kuna mwehu mmoja kila usiku saa saba." Nikanyamaza. Kazi yangu ilikuwa inanifunza kunyamaza. Akaniuliza unamjua? Nikamwambia bi mkubwa, gari yenyewe ina namba ya njano. Akakaza mtandio wake taratibu, akatazama chini kama mtu anahesabu matofali, halafu akasema, "Huyo wangu."

Usiku ule saa sita na nusu nikamuona kashuka. Kaja na kandambili na kiti wamemchukulia, kakaa kwenye ngazi za mlango wao, tasbihi mkononi. Nilitoka nimwambie kuna baridi akanifukuza kwa mkono. Saa saba kasoro gari ikaingia mtaani pa-pa-pa, na watoto wawili wa kamera wanaifuata mbio. Ikafika ngazini. Taa zikammulika bibi. Ukimya uliofuata pale nimeusikia mara chache London. Hakupiga kelele, kasema tu, "Zima. Shuka. Umsalimie mzee wako yule." Kijana wa miaka ishirini na kitu, saa yake ya mkononi labda inanunua nyumba yetu Fuoni, kavuka barabara kichwa chini kaja kwangu, "masalkheri ami". Kiswahili chake kibovu lakini kinaeleweka. Wale wa kamera walikuwa hawajui warikodi au waondoke.

Na kwa kweli hakuwa kijana mbaya. Siku ya pili alikuja mwenyewe akanionyesha. Ile nguruma ya jioni, anasema ami si mimi, gari ikiwa baridi inajipandisha yenyewe ili ule mtambo wa kusafisha moshi upate moto, dakika moja hivi halafu inashuka. Hilo sikulijua, nilikuwa namuandika kapiga resi kumbe nimemsingizia. Lakini kuna kidude pembeni ya usukani, akibonyeza zile vali za egzosi zinafunga, na sauti inashuka kama umefunika chungu, nikamtazama nikamwambia kumbe siku zote hiki kilikuwepo? Akacheka kwa aibu. Tukakubaliana: akiiwasha aondoke hapohapo asisimame kuipasha moto mlangoni, usiku vali zifungwe, na akitaka kukanyaga asikanyage mpaka afike barabara kubwa ya Hyde Park. Najua, najua, nimemhamishia mwengine kelele. Mie nilikuwa nalipwa kulinda mlango mmoja.

Bibi aliondoka Septemba. Kabla hajaondoka alimtuma mjukuu na bakuli la halua ya Muscat, nikaila na yule mzee wa gorofa ya nne saa tisa za usiku kwa vijiko vya chai, akasema tamu mno, akaongeza mara tatu.

Miaka iliyofuata kaunsili ikajaribu kamera zenye maikrofoni, gari ikizidisha sauti inapigwa picha yenyewe na kipimo chake, kwa hiyo kazi ya daftari ikapungua. Lakini nilipoacha kazi nililiacha pale kwenye droo, na wiki ya mwisho nilikuwa namfundisha pota mpya, kijana wa Kipolandi, mkimya, anaandika vizuri. Usiku wa kwanza Saudia mmoja kapita anapasua, kijana kakimbilia kalamu, kaandika saa, kaandika mtaa, nikachungulia bega lake, nikamwambia hapana, futa hiyo V.