Jumapili ya kiangazi Ugogo

Konda alikuwa akinadi "Mtumba, Ihumwa!" huku daladala imeshajaa hadi mlangoni. Wengi walikuwa wanakwenda Mtumba, mafundi wa majengo ya Mji wa Serikali jijini Dodoma, kofia ngumu mikononi. Mimi nilikuwa nakwenda Ihumwa, kwa ajili ya hakimu aliyefariki mwaka 1969.

Mathias Mnyampala, hakimu huyo aliyekuwa pia mshairi, alizaliwa huku mwaka 1917, Ugogo ilipokuwa inaingia kwenye Mtunya, ile njaa kubwa: majeshi ya vita yalizoa ng'ombe na nafaka za watu, kisha ukame ukamalizia. Mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Ndipo ninapomvulia kofia. Utenzi ulikuwa umelelewa pwani, kwa masheikh wa Pate na Lamu waliosimulia humo habari za Mtume na vita vya dini. Mgogo huyu Mkatoliki akauchukua vilevile, kila ubeti vipande vinne vya mizani (silabi) nane nane, akamsimulia humo Yesu. (Nakiri pia kwamba tenzi nyingi za dini zilizofuata zinachosha, mtunzi anajaza maneno ili mizani itimie, na imani inabaki nje ya mlango.)

Ihumwa yenyewe imeshaanza kumezwa na jiji. Nikachukua bodaboda kwenda ndani zaidi, kwenye kigango, kanisa dogo la kijijini, ambacho katekista wake, nilivyoambiwa, bado anatunga. Ilikuwa Oktoba. Vumbi jekundu, mibuyu isiyo na jani, mbuzi wakisimama kwa miguu miwili kufuata majani ya mgunga.

"Mbukwenyi," nilimsalimu mzee huyo kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mwanangu. Umekuja na jua lako au umelikuta?"

Hakunikaribisha ndani. Alikuwa anakwenda kwenye korongo kuwaona vijana wanaonywesha, nami nikamfuata. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Vijana wawili walikuwa ndani ya shimo linalofika mabegani, mmoja anachimba, mwingine anateka kwa kopo la rangi lililokatwa na kumimina kwenye hori la udongo. Maji yalikuja taratibu, yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe waliitwa watatu watatu. Aliyeruka zamu alirudishwa kwa fimbo.

Nilimuuliza anaihubirije Zaburi ya 23 mahali hapa, yale "malisho ya majani mabichi" mwezi kama huu. Akacheka.

"Ninyi wa mjini mnaisoma kama picha ya kalenda. Waulize hawa. Masika hata mtoto anachunga. Mchungaji anajulikana sasa hivi, kwa kujua pa kuchimba."

Kisha, tukiwa tumekaa kwenye mzizi, akaanza kutunga. Hakuwa na kalamu. Alitamka "Mchanga tumeufukua", akihesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole, akakwama kwenye ya tisa. Akarudia. Tisa. Akaitupa ile "u" ya katikati, akahesabu upya, nane. Jua lilikuwa limeinama ubeti ulipotimia:

Mchanga tumefukua,
Mwezi wa kumi na jua,
Wewe Bwana unajua
Maji yalipojificha.

Nikamwambia ubeti hauna shukrani, ni kama mashtaka. "Zaburi ngapi ni mashtaka?" akanijibu. "Mtu aliyezika ng'ombe watano hawezi kuanza na haleluya. Aanze alipo." Nimesikia mahubiri mengi mjini, kwa spika kubwa, yakiahidi magari na viza, sikumbuki hata moja lililomruhusu mkulima kuanza alipo.

Usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda. Akanisimulia habari za misiba, maana ndiyo kazi yake kubwa. Padri ana vigango vingi na hafiki kila Jumapili; katekista ndiye anayekesha na wafiwa, anayefundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), anayesuluhisha mume na mke. Beti zake nyingi zimezaliwa matangani, ambako hotuba ndefu ni karaha na vipande vinne vinatosha.

Asubuhi kanisa lilijaa. Matofali ya kuchoma, bati, mabenchi ya mbele ya watoto. Hapakuwa na misa, bali ibada ya Neno. Akina mama waliketi upande wa kushoto wakiwa na ngoma wamezibana magotini, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee alitaka ubeti wake ughaniwe taratibu, bila ngoma. Kiongozi wa kwaya, mama mwenye kitenge cha picha ya Bikira Maria, alikataa waziwazi mbele yetu sote.

"Baba, tukighani hivyo watalala. Tupe kiitikio."

"Utenzi hauna kiitikio."

"Basi uimbe peke yako."

Watu wakaangua kicheko, hata mzee mwenyewe. Mama akachukua kipande cha mwisho, "maji yalipojificha", akakigeuza kiitikio. Ngoma zikaingia, mabega yakaanza kucheza, na ubeti wa mashtaka ukaimbwa mara nne. Sadaka ilipofika, watu walipeleka mtama kwenye mabakuli na kuku mmoja aliyefungwa miguu, ambaye alipiga kelele wakati wote wa maombi.

Baada ya ibada mzee alinishika mkono, bado amekasirika kidogo.

"Wameuharibu," alisema. "Lakini wiki ijayo nitawapa wa pili, nione watafanyaje."