Noeli ya Kipushi

Desemba 2008 bei ya shaba ilikuwa imeporomoka, na Lubumbashi nzima ilijua. Viwanda vidogo vya kuyeyusha madini vilivyoota kila pembe ya mji vilifunga kimoja baada ya kingine, wenye navyo wakarudi kwao. Yaya, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa ametutambia mwaka mzima kwa mshahara wake wa dola, aliingia nyumbani jioni moja na ovaroli mkononi, akaenda kulala bila kula. Mama akakata shauri: Noeli hatufanyi hapa, tunakwenda kwa Baba Mkubwa, Kipushi.

Nilinuna. Kijana wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi ambako muziki hauzimwi, nikakae kwa wastaafu wanaolala saa mbili!

Kipushi iko kama kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, ubavuni mwa mpaka wa Zambia. Njiani Mama alisimamisha bisi kununua uyoga, maana Desemba ni mwezi wake, na abiria wengine wakashuka naye kupatana bei hadi dereva akaanza kupiga honi. Mji wenyewe ulizaliwa na mgodi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilianza kuchimba mwaka 1924, na nyumba za wafanyakazi zikajengwa kwa mistari, zote sura moja. Uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini Baba Mkubwa hakuwahi kusema mgodi umefungwa. Alisema umepumzika.

Na kweli haukuwa umelala kabisa. Binamu yetu alikuwa kwenye timu ya pampu. Maji ya chini ya ardhi hayajui sikukuu, ukiyaachia yanapanda mpaka yameze kila kitu, basi usiku wa mkesha sisi tulikwenda misa naye akaenda zamu. Mama Mkubwa alimfungia bukari (ndio ugali) na kuku kwenye sufuria, akafunika kwa kitambaa, akamwambia, "Ule kingali moto, usiwagawie wote." (Pampu zilikuja kushindwa mwaka 2011, maji yakapanda. Uzalishaji ulirudi mwaka 2024, Baba Mkubwa hakuuona.)

Misa ilikuwa ndefu, kwaya ikiimba Kiswahili, kisha Kibemba, kisha Kiswahili tena. Nilisinzia.

Kilichoniamsha ni kesho yake. Baada ya chakula cha mchana fanfari ya wazee ilitoka barabarani, masalia ya bendi ya enzi za kampuni. Baba Mkubwa alisema zamani sherehe zilianza tarehe 4, siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, zikapita kwa Mtakatifu Nikola tarehe 6, watoto wakapewa vitu vya kuchezea, ndipo Noeli. Wazee wa Kipushi husimulia zamani kana kwamba hakuna aliyewahi kufia shimoni. Lakini siku ile sikuwa na hamu ya kuwabishia.

Mpiga tarumbeta hakuwa na meno ya mbele. Aliiweka tarumbeta pembeni mwa mdomo, upande uliobaki na meno, shavu moja likavimba. Kitufe kimoja kilikuwa kimefungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli. Kila alipokibonyeza ilibidi akivute juu kwa kidole cha mkono wa pili. Ajabu ni kwamba wimbo ulitoka, tena mzuri.

Walipita nyumba kwa nyumba, matopeni, chini ya miti ya Noeli iliyokuwa myekundu kwa maua tangu mwanzo wa barabara hadi mwisho wake. Kila mlango wimbo mmoja, na mwenye nyumba lazima atoe kitu: maembe, kikombe cha munkoyo (kinywaji cha mahindi), noti chakavu. Nyuma yao alitembea mzee mwenye miwani na daftari. Alikuwa karani wa mishahara enzi zake, na aliandika kila kilichotolewa, nyumba namba fulani, maembe sita, sahihi. Nyumba iliyotoa maembe mabovu iliandikwa pia.

Mwenye ngoma kubwa alishikwa na mgongo kabla hawajamaliza mstari wa pili. Karani akatazama huku na huku, akamwona Yaya amesimama mikono mifukoni.

"Wewe, kijana. Jina?"

Yaya akataja jina. Likaandikwa. Akavishwa mikanda ya ngoma, akaipiga mpaka jioni, mwanzoni vibaya sana, wazee wakimgeukia na kumkaripia, baadaye kwa nguvu hata watoto wakaanza kumfuata yeye badala ya tarumbeta.

Giza lilipoingia walikaa barazani kwa Baba Mkubwa kugawana. Karani aliita majina kwa mpangilio wa daftari, kila mtu akasogea, akahesabiwa maembe yake na pesa kidogo, akatia sahihi. Yaya aliitwa wa mwisho. Alipokea, akahesabu upya mbele za watu, akatia sahihi.

"Na saa za ziada, Baba?"

Karani hakucheka. Alifungua ukurasa mpya, wa sikukuu ya Mwaka Mpya.

"Bonané tunaanza saa moja asubuhi," akasema. "Ukichelewa nakukata."